Mpaka Ukurasa wa Ishirini

Kabati la Mkuu lilikuwa na vitabu mia mbili na kumi na vinne, na kila kimoja kilikuwa kimesomwa mpaka ukurasa wa ishirini. Huko mwanzoni penseli ilikuwa imefanya kazi kweli kweli: mistari chini ya sentensi, alama za mshangao pembeni, "Kweli kabisa!" hapa, "Linganisha na hali yetu" pale. Baada ya hapo kurasa zilikuwa safi kama siku ile zilipotoka kiwandani. Nyingine zilikuwa bado zimeshikana kwa juu, hazijawahi kuachanishwa.

Kwa miaka karibu thelathini hakuna aliyelijua hilo, maana kabati lilikuwa na milango ya kioo na kufuli, na ufunguo ulikaa kwenye mkanda wa mwenyewe. Wageni waliingia sebuleni, wakaona vitabu vimejipanga, wakashusha sauti. Mkuu hakuwaacha hivi hivi. Alikuwa na la kunukuu kwa kila mgeni, na kwa kuwa mgeni mwenyewe hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja, ishirini zilimtosha kabisa kujijengea jina la mtu aliyesoma dunia nzima.

Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Serikali ilimstaafisha, nyumba yake haikupata bahati hiyo. Mezani kwake palikuwa na kengele ndogo ya shaba, na chai ikichelewa dakika tano aliigonga. Mkewe, ambaye alikuwa ameolewa naye miaka arobaini na moja, bado alimwita "Mwalimu" na bado alisimama alipoulizwa swali.

Aliyejua siri ya kabati alikuwa binti yao mkubwa. Alirudi nyumbani akiwa na umri wa miaka thelathini na saba, begi moja mkononi, ndoa imemshinda. Baba yake hakumuuliza limemsibu nini. Alimtazama kwa macho yaliyokuwa yameanza kuingia ukungu, akasema, "Vizuri. Mwandiko wako ulikuwa mzuri. Utakuwa katibu wangu." Tangu siku hiyo akawa Katibu. Majirani walimwita Katibu, muuza duka alimwita Katibu, na jina alilopewa alipozaliwa likakaa tu kwenye vyeti.

Mkuu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, lakini hakukubali. Alisema taa za siku hizi hazina nguvu na wachapaji wa siku hizi wanabana wino. Kwa hiyo kila mchana baada ya chakula alifungua kabati, akapapasa, akatoa kitabu, akamkabidhi Katibu amsomee. Alijiegemeza, akaunganisha vidole tumboni kama hakimu, na kabla ukurasa wa tatu haujaisha alikuwa anakoroma.

Mwanzoni Katibu aliendelea kusoma kwa woga, asije baba akashtuka na kukuta kimya. Baadaye aliendelea kwa sababu hakuweza kuacha. Alipita ukurasa wa ishirini, akaachanisha kurasa kwa kisu cha mkate, akaingia mahali ambapo mwenye kabati hakuwahi kukanyaga. Kule ndani alikuta watu wakisema mambo ambayo kwao hayasemwi: mke aliyemchoka mumewe na akasema amechoka, mtumishi aliyemcheka bosi wake moyoni, mtoto aliyemwogopa baba na asione haya kuogopa. Alikasirika. Alijiuliza kwa nini vitu hivi vimefungiwa kwenye kioo miaka yote hii, na yeye anafuta vumbi kwa nje.

Akataka naye aandike. Akachukua karatasi kuukuu za mitihani, akageuza nyuma, akaandika habari za binti wa kasri aliyekuwa akilia dirishani kwa ajili ya mpenzi wake. Ilikuwa takataka. Katibu hajawahi kuona kasri, na dirisha alilolijua yeye lilikuwa la jikoni, lenye wavu wa mbu na mafuta ya mwaka juzi. Aliisoma mara moja, akaona aibu iliyompanda mpaka masikioni, akawashia jiko.

* * *

Mkuu naye alikuwa na kitabu chake. Kiliitwa Utumishi Uliotukuka, na jina hilo ndilo lililokuwa limekamilika kuliko sehemu nyingine yoyote. Kila asubuhi baada ya chai alifumba macho na kuanza kusema, na Katibu aliandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu.

"Andika. Sura ya tatu. Nidhamu. Nidhamu ndiyo msingi wa taifa lolote lile linalotaka kupiga hatua, nukta. Katika kusimamia nidhamu sikumwonea haya mtu, mkato, wala sikumpendelea mtu, nukta. Hata binti yangu mwenyewe, akiwa darasa la nne, nilimtoa mstarini mbele ya shule nzima kwa kosa la kuvaa sare isiyokamilika, nikamrudisha nyumbani. Umeandika?"

"Nimeandika, Baba."

"Aya mpya. Uhamisho wangu wa pili."

Katibu hakushusha kalamu. "Baba, husemi kwa nini sare haikuwa kamili?"

"Kwa nini ya nini? Haikuwa kamili. Msomaji hataki porojo. Andika: uhamisho wangu wa pili ulinikuta katika kilele cha utendaji."

Sare haikuwa kamili kwa sababu gauni lilikuwa na mkono mmoja. Mama alikuwa fundi wa kushona, na gauni lile lilikuwa bado chini ya sindano siku walipokuja wanaume wawili na kubeba cherehani. Mama alilichomoa gauni, akakata uzi kwa meno. Jioni ile ile wanaume wale wale walirudi na mkokoteni wao, safari hii wamebeba kabati la milango ya kioo. Mkuu aliwasimamia mlangoni. "Taratibu," aliwaambia, "hiki ni chombo cha elimu." Siku tatu baadaye akamtoa binti yake mstarini.

Mkuu alikuwa anaendelea na kilele cha utendaji. Katibu alifungua karatasi mpya, kalamu ikaanza kukimbia, lakini haikuandika uhamisho wa mtu. Iliandika meno ya Mama na uzi. Iliandika bega la kushoto lililokuwa wazi, na upepo uliolipiga wakati mtoto akirudi nyumbani peke yake saa mbili na nusu asubuhi. Mkuu hakujua. Yeye alisikiliza mkwaruzo wa kalamu, si maneno, na kalamu ilikuwa inakwaruza kuliko siku zote.

Mchana aliamuru asomewe kazi ya asubuhi. Katibu akaanza na karatasi ya kwanza, ile ya nidhamu na taifa, akaisoma polepole kadiri alivyoweza. Alipofika chini, nyuma ya karatasi, baba yake alikuwa amelala, mdomo wazi, ameridhika na nafsi yake.

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila sura, hata zile mbili za mwanzo ambazo alizirudia upya, alimpa baba yake karatasi moja, mbele na nyuma, kwa uaminifu wote, na kila nukta na mkato aliotamka. Halafu alianza karatasi nyingine na kuandika ya kwake. Wala haukuwa ushujaa. Ilikuwa ni kuiba karatasi ya mzee anayesinzia, na Katibu mwenyewe alijua. Kwa miezi kumi na minne alijaza daftari nne, sura kumi na moja, na hakuna siku hata moja ambayo Mkuu alidai kusomewa karatasi ya pili.

* * *

Mama hakujua kusoma. Mume wake alikuwa amefundisha watoto elfu tatu, kwa hesabu yake mwenyewe, na huyu mmoja wa nyumbani hakupata nafasi naye.

Katibu alimsomea jikoni, Mama akimenya viazi. Siku ya kwanza alimsomea sura ya cherehani, na Mama aliacha kumenya.

"Hapana," alisema. "Hapo umetia maneno ya kabatini. 'Machozi yalimbubujika kama mto.' Nani alibubujika? Mimi sikulia."

"Hukulia?"

"Nilie kwa faida ya nani? Nilimuuliza, 'Mwalimu, na hili gauni nilimalizie na nini?' Akaniambia, 'Mwanamke mwenye akili hakosi njia.' Nikaenda kuchambua maharage. Andika hivyo hivyo."

Katibu akafuta mto na mbubujiko wake. Akaandika swali, jibu na maharage. Aliposoma tena, Mama alicheka, kicheko kikavu cha puani, kisha akachukua kiazi kingine. "Ndiyo," akasema. "Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Soma tena."

Hapo ndipo Katibu alipojipata. Alikuwa amehangaika miezi mingi kutafuta namna ya kusema ndani ya vitabu mia mbili na kumi na vinne, na vilikuwa vimemfundisha mengi, hasa kwamba inaruhusiwa kusema. Lakini namna yenyewe ilikuwa jikoni. Ilikuwa kavu, fupi, yenye meno. Akaichukua, akaichanganya na hasira zake mwenyewe, na tangu hapo hakuandika tena sentensi aliyoionea haya.

Daftari zile nne ndizo kitu pekee alichokuwa nacho duniani. Begi lenyewe alilorudi nalo lilikuwa limeshachanika.

* * *

Aliyeleta balaa alikuwa mdogo wake, ambaye nyumbani aliitwa Meneja hata kabla hajawa meneja. Alikuja Jumatano na gari la ofisini, akasimama katikati ya sebule bila kukaa.

"Baba, nimeshapanga kila kitu. Kesho daktari anakutoa mtoto wa jicho, macho yote mawili kwa zamu. Mwezi ujao unatimiza miaka sabini na mitano, tunazindua kitabu. Nimeongea na mpiga chapa, anataka daftari leo."

"Leo?" Katibu alidakia. "Bado sijanakili vizuri. Nipe wiki mbili."

"Dada, usijipe kazi. Wewe ni kama ile mashine ya kunasia sauti tu. Alichosema Baba si umeandika?"

"Nimeandika, lakini..."

"Basi. Ziko wapi?"

"Mpe," Mkuu alisema, na akagonga kengele, ingawa watu wote walikuwa mbele yake.

Katibu alisimama. Alifikiria kusema zimelowa, zimepotea, zimeliwa na panya. Meneja alishachoka kungoja. Alifungua droo ya meza mwenyewe, akachomoa daftari zote nne, akazitia kwapani kama mtu aliyenunua mikate. Mlangoni alimgeukia dada yake. "Na uvae vizuri siku ya uzinduzi. Kutakuwa na watu wa maana."

Jikoni Katibu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mama, nimekwisha. Atanifukuza."

Mama aliosha kikombe, akakifuta, akakiweka mahali pake. "Utakwenda wapi akikufukuza?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui," Mama alisema. "Lakini zile kurasa zangu, akitaka kuzichoma, nitamwona."

* * *

Ijumaa mchana bandeji ya jicho la kwanza ilitolewa. Mkuu aliomba kioo kabla ya maji. Alijitazama sana, akaonekana kutoridhika, akasema kioo kina mawimbi. Alikuwa bado anajitazama gari lilipoingia, Meneja akashuka na mpiga chapa, bwana mnene mwenye madoa ya wino kwenye kucha na daftari nne mikononi.

Katibu alileta chai.

"Mzee!" mpiga chapa alisema, na hakukaa. Alimshika Mkuu mkono kwa mikono yake yote miwili. "Miaka ishirini nachapa kazi za watu. Waheshimiwa, wafanyabiashara, wachungaji. Wote wamezaliwa katika familia ya maadili, wote wamefanikiwa kwa juhudi. Mimi huwa sisomi, nahesabu kurasa tu. Lakini hii nimesoma mpaka asubuhi. Ile ya cherehani imenitoa machozi, nakuambia ukweli."

"Cherehani," Mkuu alisema.

"Na mtoto mstarini, bega wazi! Halafu ule ufundi wa kujiita 'Baba', kujiweka pale mbele ya binti na kujitazama kwa macho yake, kujicheka mwenyewe hivyo bila huruma. Mzee, nani mwenye cheo ana ujasiri huo?"

Katibu alishika sinia kwa nguvu, akangoja radi. Jicho jipya la Mkuu liling'aa kwa maji na dawa. Lilimtazama mpiga chapa, likamtazama Meneja ambaye alikuwa anatabasamu kwa fahari, likatua juu ya daftari. Hakujua mtu huyu anaongea nini. Lakini sifa alizijua kwa harufu, na hajawahi katika maisha yake kuona sifa ikipita bila kuinyooshea mkono.

"Ndiyo," alisema taratibu. "Ile ya cherehani niliifikiria sana. Ni mbinu, unajua. Mwandishi lazima awe na mbinu."

"Mbinu kali!"

"Niachie hizo daftari. Nitazipitia kwa kalamu nyekundu. Njooni Jumatatu."

Mpiga chapa alinyoosha kikombe bila kumtazama aliyeshika birika. "Binti, ongeza sukari."

* * *

Kwa siku mbili nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Mkuu alijifungia sebuleni na daftari. Alikula huko huko. Mara mbili Katibu alimsikia akikohoa kwa ghafla, na mara moja kiti kilisukumwa nyuma kwa kishindo, kisha kikarudishwa. Jumapili jioni kengele ililia.

Alimkuta ameketi wima. Daftari zilikuwa zimefungwa na kupangwa, na kalamu nyekundu juu yake.

"Nimesoma," Mkuu alisema.

"Basi unajua, Baba."

"Najua nini?"

"Kwamba si maneno yako."

"Karatasi ilinunuliwa na nani?" Hakupandisha sauti, alikuwa anauliza kama anavyouliza darasani. "Kalamu? Taa uliyoandikia? Chakula ulichokula ukiandika, miaka hii miwili, mwanamke mzima uliyerudishwa nyumbani? Na maisha yanayosimuliwa humo ni ya nani?"

"Ni ya Mama. Na yangu."

"Ni ya nyumba yangu. Wewe ulikuwa mkono tu, na mkono hauna jina." Akapangusa jicho kwa leso. "Mengine humo ni utovu wa adabu wa hali ya juu. Lakini mpiga chapa ni mtu wa kazi yake, na amesema kazi ni nzuri. Nimesahihisha palipohitaji. Kesho utasoma mbele yao, jicho langu halijapona. Nenda."

Katibu alitoka. Kwa miezi kumi na minne alikuwa ameogopa kwamba baba yake atazichoma zile daftari. Hakuwahi kuota kwamba atazipenda.

* * *

Jumatatu walikaa wote: Mkuu kwenye kiti chake, Meneja na mpiga chapa kwenye makochi, Mama kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, mahali anapokaa akiitwa. Katibu alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Sura ya tatu," Mkuu aliamuru. "Anzia pale cherehani."

Katibu alifungua. Pembeni mwa maandishi yake palikuwa pamejaa alama za vema, nyekundu, nene. Mkuu alikuwa amejipa vema kila ukurasa. Penye kicheko alikuwa ameandika "Safi!" na penye uchungu "Inagusa!" Katibu alisoma. Alisoma wanaume wawili mlangoni, gauni likichomolewa, uzi ukikatwa kwa meno. Mpiga chapa alikuwa amefumba macho na kutikisa kichwa. Kisha Katibu akafika mahali ambapo mstari mwekundu ulikuwa umepita juu ya maneno, na maneno mengine yameandikwa juu yake. Akanyamaza.

"Endelea," Mkuu alisema. "Soma palivyosahihishwa."

Akasoma. "'Cherehani iliuzwa kwa makubaliano ya pamoja kati ya Baba na mkewe, ambaye alilipokea jambo hilo kwa furaha, akitambua umuhimu wa elimu.'"

"Hilo halimo," alisema Mama.

Watu wote waligeuka. Mama alikuwa amesimama, kama kawaida yake akitaka kusema, lakini safari hii hakuna aliyekuwa amemuuliza swali.

"Mama, hebu kaa," Meneja alisema. "Baba anarekebisha kidogo tu."

"Halimo. Pale inasemwa hivi: 'Mama aliuliza, Mwalimu, na hili gauni nilimalizie na nini? Baba akajibu, Mwanamke mwenye akili hakosi njia. Mama akaenda kuchambua maharage.' Halafu inakuja asubuhi ya mstarini. Nazijua zote, kumi na moja. Nimesomewa jikoni." Akamgeukia mpiga chapa. "Wewe bwana umelia kwa ajili ya gauni. Muulize huyu mtunzi wako lilikosa mkono upi."

Mpiga chapa alifumbua macho. "Mzee?"

Mkuu aliinua kidole, kama anavyofanya akitafuta nukuu. Kidole kilibaki hewani. Alikuwa amezisoma kurasa zile kwa siku mbili, na katika siku mbili hizo alikuwa anatafuta mahali pa kuweka vema. "Wa kulia," alisema.

"Wa kushoto," Katibu alisema. Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Nilitembea nimeweka mkono hivi, mpaka nyumbani."

Hapo moyo wake ukatulia kabisa. Aliketi mezani, kwenye kiti alichokuwa akiandikia, akafungua daftari la kwanza, akashika karatasi ya kwanza ya sura ya kwanza, akaichana pale pale kwenye mshono, taratibu isiharibike. Akaiweka pembeni. Sura ya pili vivyo hivyo.

"Unafanya nini?" Meneja aliruka. "Dada, umerukwa na akili? Nimeshalipa nusu!"

"Namgawia Baba kilicho chake." Akachana nyingine. "Nidhamu ni yako, Baba. Kilele cha utendaji, chako. Taifa linalotaka kupiga hatua, hili hapa."

"Acha!" Mkuu aligonga kengele. Aliigonga tena. Hakuna aliyesogea, na kengele ikasikika kama kitu kidogo sana pale sebuleni. "Toka nyumbani kwangu!"

Mama alikuja, akasimama kati ya kiti cha mumewe na meza. "Nyumba hii cherehani ilitoka, kabati likaingia, nikanyamaza," alisema. "Leo hatoki mtu."

Katibu alimaliza. Alinyoosha karatasi kumi na moja, akazigonga mezani zikae sawa, akaziweka mapajani mwa baba yake. Daftari nne alizibana kifuani. Mpiga chapa, ambaye alikuwa mtu wa kazi yake, aliinama, akazipima zile karatasi kwa kidole gumba.

"Mzee, kumi na moja hazishoneki," alisema. "Mashine yangu haikamati kitu chembamba hivi."

"Nitamshonea mimi," Mama alisema. Alikwenda jikoni, akarudi na sindano na uzi mweusi. "Cherehani sina, na anajua ilikokwenda. Lakini mkono bado upo."

* * *

Uzinduzi haukufanyika. Meneja hakukanyaga nyumbani miezi mitatu, na hakuna aliyemkosa sana. Katibu alihamishia meza yake jikoni, chini ya dirisha lenye wavu, akanakili daftari nne upya bila alama nyekundu, akatuma sura tano za kwanza kwa watu wa vitabu ambao hakuwajua. Mkuu hakumsemesha. Alipohitaji kitu alimwambia mkewe, kwa sauti ya kusikika jikoni.

Majibu yalipokuja, aliyefungua mlango ni yeye Mkuu. Mpeleka barua alimpa bahasha. Mkuu aliisogeza mbali, akaileta karibu, akasoma jina kwa macho yake mapya yote mawili, herufi kwa herufi.

"Hapa hakuna mtu anayeitwa hivi," alisema, na akairudisha.

"Yupo!" Mama aliita kutoka jikoni, na Katibu akatoka mbio, mikono ina unga, akaipokea. Barua haikuahidi mengi. Ilisema wamesoma sura tano, na wanaomba zilizobaki haraka iwezekanavyo.

Mkuu alirudi sebuleni. Alitoa ufunguo kwenye mkanda, akafungua kabati, akapapasa rafu ya katikati ingawa sasa anaona vizuri, akatoa kijitabu cha karatasi kumi na moja kilichoshonwa kwa mkono kwa uzi mweusi. Hukitoa kila siku baada ya chakula. Hukisoma kwa sauti, pole pole, kwa nukta na mikato yake yote, na hasinzii hata kidogo. Ndicho kitabu pekee katika kabati lile ambacho Mkuu amekisoma mpaka mwisho.